Kukaa au Kukimbia?

Mtu aonapo nchi yake inavunjika, serikali haipo tena, askari hawana bwana, soko limefungwa, je, ni halali akimbie? Au yampasa kukaa nyumbani mwake na kungoja? Swali hili si la vitabuni tu. Mwezi wa Mei 2003 liliwafikia watu wa Bunia, na wengi hawakupewa hata siku moja ya kulijibu.

Habari ile yafaa ikumbukwe. Jeshi la Uganda, lililokuwa limeushika mji, liliondoka mwanzoni mwa mwezi ule. Wakabaki askari wapata 700 wa Umoja wa Mataifa, hasa watu wa Uruguay, nao walikuwa wachache mno kwa kazi ile. Makundi yenye silaha ya Walendu na ya Wahema yakaugombania mji, mtaa kwa mtaa. Mamia ya watu waliuawa, na miongoni mwao mapadri wawili katika parokia ya Nyakasanza. Maelfu walikimbilia kiwanja cha ndege na makao ya Umoja wa Mataifa. Wengine walishika njia ya Komanda kwenda Beni kwa miguu. Wengine walivuka Ziwa Albert kwenda Uganda. Askari wa Ulaya, wakiongozwa na Wafaransa, walifika mwezi wa Juni, lakini walitumwa kuulinda mji wa Bunia, wala si vijiji.

Juu ya kukimbia kwenyewe hakuna haja ya maneno mengi. Yosefu alimchukua Mtoto na Mama yake usiku, akaenda nao Misri, wala hapana aliyemwita mwoga. Lakini mkatekumeni asidhani kwamba kila akimbiaye ameokoka. Mwaka 2018 watu wa Djugu waliovuka ziwa hata Kyangwali walikutana na kipindupindu huko. Usiku wa tarehe 1 Februari 2022 watu waliokwisha kukimbia makwao, wakakaa katika kambi ya Plaine Savo, waliuawa zaidi ya 60 kambini humo. Basi hapana amri moja ifaayo siku zote, ya kukaa wala ya kukimbia. Yatakiwa busara, na busara hufanya kazi yake mapema, kabla bunduki hazijalia.

Wengine husema kwamba kuweka akiba ni kukosa imani. Neno hili lapendeza masikioni, lakini si kweli. Yosefu mwana wa Yakobo aliweka nafaka miaka saba, na kwa akiba hiyo wakapona Wamisri na ndugu zake pia. Mkulima wa Ituri ajua jambo hili bila kufundishwa: mihogo iliyoachwa shambani ni ghala ambayo mwizi hawezi kuibeba yote kwa usiku mmoja, nayo yaweza kukaa ardhini mwaka mzima na zaidi. Nyumbani na viwepo maharagwe makavu, unga, chumvi, sukari, kiberiti, na bidoni za maji zenye vifuniko. Kwa ajili ya njia, sufuria moja nyepesi, blanketi, kwani usiku wa nchi ya juu una baridi, na vyeti vya kuzaliwa na vya ubatizo vilivyofungwa katika nailoni. Mtoto akiharisha njiani, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji yaliyochemshwa vyaweza kumponya asife kwa kukaukiwa. Maarifa haya hayana uzito mgongoni.

Lakini akiba yenyewe yaleta swali gumu zaidi. Huyu ana debe la maharagwe. Jirani yake hana kitu, naye ana watoto sita. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba katika shida ya mwisho vitu huwa vya wote, hata mwenye njaa ya kufa akitwaa chakula, si mwizi. Je, mwenye debe alazimika kugawa hata watoto wake wafe? La, wake ndio wa kwanza. Ila asiite haja kile ambacho ni hofu tu. Debe likigawanywa, nyumba mbili zitakula siku tano badala ya moja kula siku kumi. Na siku tano wakati wa vita ni nyingi. Tena jirani aliyelishwa ndiye atakayegonga mlango usiku na kusema: amkeni, wanakuja. Hiyo si sababu ya kwanza ya kumpa, lakini ni kweli.

Na kama jirani ni wa kabila lingine? Hapo ndipo Bunia ilipojaribiwa. Mhema aliyemficha Mlendu, au Mlendu aliyemficha Mhema, aliweka hatarini nyumba yake yote. Haiwezekani kumlazimisha kila mtu afanye hivyo. Lakini kumwonyesha kwa kidole mtu aliyejificha, hata kama mwenye panga anatisha, ni kushiriki katika kumwaga damu yake. Mtu aweza kunyamaza. Vivyo hivyo na uvumi: anayepiga kelele kwamba adui amefika, naye hakuona kitu, awatoa wagonjwa vitandani bure.

Wapo pia wasiokuwa huru kuondoka kama wengine: muuguzi mwenye wagonjwa, mchungaji wa roho mwenye watu. Wavandali walipoingia Afrika ya Kaskazini, Askofu Honoratus aliuliza jambo hili. Mtakatifu Augustino akamjibu: maadamu watu wabaki na kuhitaji huduma, wahudumu wasiwaache wote pamoja, ikiwa wabishana nani abaki, hata kura yaweza kupigwa. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 430 ndani ya mji wa Hippo, adui wakiuzingira.

Na mama mzee asiyeweza kutembea? Wana wakizungumza habari zake siku ya kukimbia, wamechelewa. Wamkalishe leo katikati yao, wamsikilize, maana huenda akapenda kubaki, huenda asipende. Kisha wakubaliane ni nani atakayesukuma baiskeli, ni nani atakayembeba baiskeli ikikwama matopeni, na ni nani atakayekaa naye akikataa.