Kufa Nyumbani na Kuishi Ng'ambo

Mgeni afikaye Kwihara huonyeshwa tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Ni nadra aulize habari za Mtemi Isike, mwenye nchi ya Unyanyembe. Januari 1893 Wajerumani walipolivunja boma lake, Isike aliliwasha moto ghala la baruti, naye yumo ndani.

Twamsifu, na astahili sifa. Lakini je, waliotiwa mbaroni wakiwa hai tuwahesabu wanyonge? Kabarega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda walikamatwa mwaka 1899 wakavushwa bahari hadi Shelisheli. Kabarega alikwisha kukatwa mkono kwa jeraha la risasi. Huko walibatizwa, huyu akaitwa Yohana, yule Danieli. Hata majina yakawa ya ugenini.

Mkoloni alijua alitendalo. Mfalme auawaye huacha kaburi, na kaburi lina wazuru. Ahamishwaye huacha kiti kitupu, na kiti kitupu hakikosi mkaaji. Hivyo Isike alikataa mara moja, kwa kishindo. Kabarega ilimpasa kuishi, kila kukicha, akijua kuwa mwingine anatawala. Sisi hatuthubutu kusema kwamba mzigo wa pili ulikuwa mwepesi.

Mwanga alifia huko mwaka 1903. Mifupa yake ikarudishwa Buganda mwaka 1910. Kabarega aliruhusiwa kurejea mwaka 1923. Alifika karibu na Jinja, akafa. Bunyoro ilipokea maiti, ikaizika Mparo.