FEZA YA NGUMI MBELE YA MADHABAHU

Masomo: 1 Wakorinto 9:24-27; Mathayo 27:3-8; Luka 3:14; Luka 12:15-21



Leo ninaleta mbele yenu habari ya mtu mmoja aliyepigana boksi mpaka akawa tajiri, na kisha nitaungama kosa langu mimi shemasi wenu. Musiache kusoma mpaka mwisho, maana mwisho ndio unaotuhusu.

1. Sababu ya maneno haya

Kuko kijana mmoja wa kanisa letu, mtoto wa mjane. Muchana anasukuma chukudu, mangaribi anajifunza boksi pamoja na wenzake. Kabla ya Noeli ya mwaka 2024 alishinda mchezo, wakamlipa dola 40. Siku ya yenga alileta dola 4 ndani ya bahasha, akaandika juu yake: fungu la kumi. Mimi ndimi niliyekuwa nikihesabu matoleo. Nilimwita kando nikamrudishia bahasha yake. Nilimwambia: “Mtoto wangu, hii ni feza ya damu. Nyumba ya Mungu haipokei feza ya mtu aliyemtoa mwenzake damu puani.” Alijibu tu: “Ndiyo, baba shemasi.” Akaenda. Yenga iliyofuata hakuonekana, na ile ya nyuma yake vilevile.

Mwisho wa Januari 2025 vita iliingia mji wetu. Munajua yale tuliyoyaona, siwezi kuyarudilia. Mabenki yalifunga milango. Mwenye dola elfu na mwenye dola 10 walisimama pamoja kwenye mstari wa kuteka maji. Katika siku zile nilijiuliza: kijana yule yuko wapi? Je, amekwenda kushika bunduki, kwa sababu mimi nilimfukuza na glovu zake?

Tukiwa hivyo, mwezi wa Machi, habari ikatufikia kwamba George Foreman amekufa kule Houston, Marekani, tarehe 21, akiwa na miaka 76. Wazee wetu wa wakati wa Zaire wanalijua jina hilo. Nilianza kutafuta habari ya maisha yake, na habari hiyo ilinihukumu.

2. Mtu mwenye nguvu aliyeanguka Kinshasa

Foreman alizaliwa mwaka 1949 huko Texas, katika jamaa ya watu maskini. Katika ujana wake alikuwa mkorofi wa mtaani. Boksi ilimtoa katika njia ile: mwaka 1968, katika michezo ya Olimpiki ya Mexico, alipata medali ya zahabu. Mwaka 1973, kule Jamaica, alimwangusha Joe Frazier mara 6 ndani ya raundi 2, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu.

Kisha akaja kwetu. Serikali ya Mobutu ilitaka dunia yote iangalie Zaire, na kila mpiganaji aliahidiwa dola milioni 5. Tarehe 30 Oktoba 1974, karibu saa 10 za usiku, Foreman na Muhammad Ali walikutana Kinshasa katika uwanja wa 20 Mei, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Foreman alikuwa na miaka 25, amepigana mara 40 na kushinda zote. Ali alikuwa na miaka 32, na watu wengi waliogopa kwamba atauawa. Lakini watu wa Kinshasa waliimba “Ali boma ye”. Ali akaegemea kamba, akaacha yule mwenye nguvu apige, apige, mpaka mikono ikachoka. Katika raundi ya 8 Foreman akaanguka.

Wandugu, angalieni. Alikuja na nguvu, akaondoka na milioni zake, lakini moyo wake ulibaki umejaa hasira. Kwa muda mrefu alitafuta wa kulaumu: kamba zililegea, maji yalitiwa dawa, hesabu ilikwenda mbio. Feza haikumponya kidonda kile.

3. Mtu aliyeitwa ndani ya chumba cha kuvalia nguo

Tarehe 17 Machi 1977, kule Puerto Rico, alishindwa tena, na Jimmy Young. Alipoingia katika chumba cha kuvalia nguo, yeye mwenyewe alisimulia mara nyingi, aliona anakufa. Aliona giza na utupu, hakuna kitu chini ya miguu yake. Alitaka kumtolea Mungu feza zake, lakini alisikia kwamba Mungu hataki feza yake, anamtaka yeye. Akaanza kuita jina la Yesu mbele ya watu wote. Waganga walisema ni joto na uchovu. Sisi katika kanisa hili tunajua kwamba Bwana anasema na watu katika ndoto na maono, na tunajua vilevile kwamba maono yanapimwa kwa matunda.

Matunda yake ni haya: aliacha boksi kwa miaka 10. Alisimama katika pembe za njia akihubiri, akawa mchungaji wa kanisa dogo kule Houston, na mwaka 1984 akafungua nyumba ya vijana, kusudi watoto wasipotee mtaani kama yeye zamani.

Lakini feza ikapungua. Nyumba ya vijana ilikuwa karibu kufungwa. Mchungaji akajikuta anaombaomba feza mbele ya watu, na haya ikamshika. Ndipo alipokata shauri: atafanya kazi anayoijua kwa mikono yake. Mwaka 1987, akiwa na miaka 38, mnene, watu wakimcheka, akarudi katika boksi. Mwaka 1991 alishindwa na Evander Holyfield, lakini hakukimbia wala hakutafuta wa kulaumu. Tarehe 5 Novemba 1994, kule Las Vegas, alipigana na Michael Moorer, kijana wa miaka 26. Alivaa kaptula nyekundu ileile aliyoivaa Kinshasa. Alikuwa nyuma kwa pointi. Katika raundi ya 10 alimpiga Moorer akaanguka, na Foreman akapiga magoti katika pembe yake. Alikuwa na miaka 45, na hakuna mtu wa umri ule aliyepata kuwa bingwa wa uzito wa juu mbele yake.

Kisha akawa tajiri kuliko zamani, si kwa ngumi bali kwa chombo cha kuchoma nyama kilichobeba jina lake. Mwaka 1999 kampuni moja ilikubali kutoa zaidi ya dola milioni 130 juu ya jina lile. Jina lililoaibishwa Kinshasa! Na pamoja na milioni zile aliendelea kuhubiri katika kanisa lake.

4. Mafundisho matatu

La kwanza ni kwa vijana. Musisome habari hii mukasema, nami nitapata milioni. Wengi wanapigana, wachache wanalipwa. Ali mwenyewe, aliyeshinda Kinshasa, waganga walimwona na ugonjwa wa Parkinson tangu mwaka 1984, mikono yake ikatetemeka mpaka alipokufa mwaka 2016. Mtume Paulo anakumbusha kwamba washindani wanajitawala katika mambo yote juu ya taji inayooza, na kwamba yeye hapigi hewa. Kama unapigana, ujue unapigania nini.

La pili ni kwa wenye mali. Goma inajua kuliko miji mingine maana ya yule tajiri wa Luka 12. Mwaka 2002 moto wa Nyiragongo ulipita juu ya maduka yetu. Mwaka 2025 funguo ya benki ilikuwa mkononi na haikufungua kitu. Mali ni mgeni, inalala siku moja na kuendelea na safari.

La tatu ni kwetu mashemasi. Wakuu wa makuhani walikataa kutia feza za Yuda katika hazina, sababu ni bei ya damu. Lakini nani aliyemlipa Yuda? Ni wao wenyewe! Walilinda sanduku, hawakulinda mikono yao. Mimi nilirudisha dola 4 za kijana aliyechoka jasho, lakini sikumwuliza hata mara moja yule muuzaji anayebonyeza kopo la kupimia maharagi, ao yule anayekula mshahara wa wenzake. Sadaka zao ni kubwa, na tunazisoma kwa sauti mbele ya kanisa. Askari walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, aliwaambia wasidhulumu mtu na waridhike na mshahara wao. Alianza na roho zao. Mimi nilianza na bahasha.

5. Ungamo langu

Nilimtafuta kijana yule katika kartie yao. Bwana asifiwe, alikuwa hai, na mikono yake haikushika bunduki. Nilimwambia mbele ya mama yake: “Mtoto wangu, nilikukosea. Unisamehe.” Alinyamaza sana. Mama yake akaingia ndani, akatoa bahasha ileile. Zile dola 4 zilikuwamo, katika siku ambazo nyumba nyingi zililala na njaa. Alisema: “Baba, tuliogopa kuila. Ilikwisha kuwa ya Bwana.”

Nililia. Bahasha hiyo iliingia katika hazina, nami niliandika jina la kijana kwa mkono wangu katika kitabu cha matoleo. Yeye hajarudi bado ibadani. Ninawaomba, mukimwona njiani na chukudu yake, musimsalimie kama mtu aliyepotea. Mumwambie nafasi yake katika kiti inamngoja, na aje na glovu zake, tumwombee.

Ee Bwana, uliyemwita mtu mwenye nguvu alipokuwa ameshindwa, utuite na sisi. Amina.

Shemasi wenu katika kazi ya Bwana, Goma.