Deni la Onyesho Lisilofanyika

Misigiri ni njia panda. Hapo ndipo barabara ya kwenda Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, inapoachana na barabara kuu itokayo Singida kuelekea Nzega na Mwanza, kabla magari hayajauteremka mlima wa Sekenke. Muziki wa majukwaa makubwa hupita hapo ukiwa safarini: bendi itokayo Dar es Salaam kwenda Mwanza kwa barabara hupita na ngoma zake, magitaa yake na wanamuziki wake waliosinzia, na ikisimama basi ni kwa chai tu. Kwa mkaazi wa mahali kama hapo, kwenda kumwona mwimbaji kwa macho ni jambo la kufungia mkoba. Kuna nauli ya kwenda na ya kurudi, kuna chumba cha nyumba ya wageni, kuna siku za kazi zilizoachwa na watoto walioachiwa jirani. Akifika akakuta lango limefungwa na karatasi imebandikwa kwamba onyesho limefutwa, mtu huyu anadai nini? Na anamdai nani?

Jibu la haraka ni jepesi. Anadai kiingilio chake. Arudishiwe, na mambo yaishe. Waandaaji wengi wa maonyesho hawaoni zaidi ya hapo, na Waswahili nao wana msemo wa kujipoza: hasara roho, pesa makaratasi. Lakini msemo huo ukipimwa vyema huwageukia wale wanaoutumia kwa kujitetea. Ikiwa pesa ni makaratasi, basi kurudisha pesa ni kurudisha makaratasi, na kilichopotea bado hakijarudi.

Kilichopotea si nyimbo. Nyimbo zimo katika santuri, katika kanda, na siku hizi katika simu ya mkononi, tena humo husikika kwa usafi kuliko uwanjani, ambako upepo huzichukua na spika hukoroma. Kilichoahidiwa ni mkusanyiko: watu wasiojuana kuwa pamoja kwa saa chache, wakishika kiitikio kimoja, mbele ya mtu anayewaona kama wao wanavyomwona. Jambo hilo halikuwa mali ya mmoja wao, na ndiyo sababu hakuna hata mmoja awezaye kurudishiwa fungu lake. Dirisha la tiketi linaweza kumpa kila mtu noti zake mkononi. Mkusanyiko hauna dirisha la kuuendea.

Kinachofuata ni kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, nayo ni lawama na deni. Usiku wa tarehe 17 Aprili 1980, Zimbabwe ilipokuwa ikizaliwa, Bob Marley alipanda jukwaani katika uwanja wa Rufaro, katika mji ambao leo ni Harare. Nje ya uwanja walibaki wananchi wengi, nao walipojaribu kuingia ndani, polisi walifyatua mabomu ya machozi. Moshi ulipeperuka hadi jukwaani, na wanamuziki wakalazimika kukimbia. Baadaye walirejea wakaendelea, lakini hesabu haikufungwa usiku ule: siku ya pili Marley alipiga tena katika uwanja ule ule, bila ya kiingilio, kwa umati wa watu wa kawaida. Yafaa kuangalia kwamba mabomu hayakuwa yake, wala si yeye aliyepanga nani aingie na nani abaki nje. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Hata hivyo, kwa tendo lake alikubali kuwa na deni, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mwito uliowatoa watu majumbani mwao. Asiye na kosa anaweza kuwa na deni, na mwenye kosa anaweza asidaiwe chochote na yeyote. Mizani ya lawama haipimi vitu vinavyopimwa na mizani ya deni.

Mpaka wa deni hilo ni mauti. Tarehe 24 Aprili 2016, Papa Wemba alianguka jukwaani mjini Abidjan, katikati ya onyesho, na akafa. Hakuna mtu mwenye akili ambaye angesimama kudai nyimbo zilizobaki. Hapo msikilizaji huona ghafla kwamba alichokuwa akikihesabu kuwa haki yake kilikuwa pumzi ya mtu mwingine.

Lakini yako maonyesho yasiyokatizwa na mauti wala na mvua, bali na amri, na hapa ndipo swali linapokuwa gumu. Desemba 2018, Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliwafungia Diamond Platnumz na Rayvanny baada ya wao kuimba jukwaani mjini Mwanza wimbo uliokuwa umekwisha kupigwa marufuku, na kibali cha tamasha lao la Wasafi kikafutwa. Wasanii waliomba radhi na mwaka uliofuata wakafunguliwa. Waliotaka adhabu waliona mwenye kosa ameadhibiwa, na kwa upande huo walikuwa na hoja: amri iliyotangazwa ikidharauliwa hadharani, mwenye mamlaka hana budi kujibu. Ila adhabu ya msanii haimwangukii msanii peke yake. Kijana aliyekwisha kuweka akiba ya tamasha hilo, ambaye hakuimba wimbo wowote uliokatazwa, naye aliadhibiwa, na hakuna aliyemtamka. Huenda ni haki kusema kwamba mwenye uwezo wa kufuta hurithi deni la aliyeahidi. Akisema amefuta kwa ajili ya umma, basi umma huo una jina, una nauli, na unangoja mahali fulani.

Visiwani, mfano unaokumbukwa zaidi una sura nyingine. Farrokh Bulsara, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, na kundi lake la Queen halikupata kupiga Unguja hata mara moja. Mwaka 2006 palipangwa sherehe ya ufukweni kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwake. Jumuiya ya UAMSHO ikaipinga kwa hoja kwamba maisha ya mtu huyo yalikuwa kinyume na maadili ya visiwa, na sherehe ikafutwa. Waliokasirika wakaona uhuru umebanwa. Waliofurahi wakaona heshima ya mji imelindwa. Kila upande ulijiona umeshinda au umeshindwa, na pengine hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote, kwani mji wenye mazoea ya kujibizana kwa beti, ambamo mtu hutupiwa fumbo hadharani na kulijibu hadharani, safari hii haukujibizana. Wenye nyumba wana haki ya kuuliza ni ngoma gani inapigwa uani kwao. Haki hiyo haikanushiki kwa kuitwa ushamba. Lakini kuuliza ni kitu kimoja na kuuzima ubishi kabla haujatamkwa ni kitu kingine. Marehemu hakudhurika. Wenyeji ndio waliokosa nafasi ya kuambiana nini hasa wanachokubali na nini wanachokataa katika mtoto wao huyo.

Wapenzi wa ushairi wanalijua jambo hili kwa upande mwingine. Beti ikisomwa hadi mshororo wa tatu ikakatwa, sikio lililozoea vina na mizani haliwezi kutulia. Litaumba kituo chake lenyewe. Ndivyo yanavyokuwa maonyesho yaliyokatizwa. Tarehe 30 Januari 1969 Beatles walipiga juu ya paa la jengo mjini London, polisi wakaja, na baada ya dakika kama arubaini na mbili yote yakawa yamekwisha. Ni machache katika maonyesho yao marefu yanayosimuliwa kama hilo fupi. Hata lile lisilofanyika kabisa huacha kumbukumbu, na si kumbukumbu ya uongo. Mtu hukumbuka shati lililopigwa pasi, foleni iliyoanza kusogea kisha ikasimama, vijana wa bendi wakikunja nyaya kimya kimya, jinsi habari ilivyopita katika umati kabla ya kutangazwa. Yote hayo yalitokea. Hatari ni kwamba uzuri wa kumbukumbu hiyo hutumiwa kuwasamehe wadaiwa: husemwa kwamba watu wamebaki na kisa cha kusimulia, kana kwamba aliyelazwa na njaa anapaswa kushukuru kwa ndoto ya pilau.

Iko basi namna ya kufuta kwa uungwana, na Unguja ina mfano wake pia. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na ambalo Ngome Kongwe imekuwa kama nyumba yake kila Februari, lilikosa fedha za kuendesha mwaka 2016. Waandaaji hawakungoja hadi watu wajae forodhani na mabegi yao. Walitangaza miezi kadhaa kabla, wakaitaja sababu kwa jina lake, yaani fedha hazikutosha, wala hawakujificha nyuma ya maneno ya kuzunguka. Msikilizaji wa Misigiri aliyeipata habari hiyo kabla ya kukata tiketi ya basi alibaki na nauli yake, na mwaka mzima wa kungoja. Februari 2017 milango ya Ngome Kongwe ilifunguliwa tena.