Watoto si Mali ya Kugawana

Mume na mke wakishindwa kuishi pamoja, wazee hukaa nao wakagawa vyombo, shamba na mifugo. Hayo yakiisha, hufika zamu ya watoto. Wawili waende kwa baba, wawili wabaki kwa mama. Watu huitikia, wakaona haki imetendeka.

Sisi twauliza: haki kwa nani? Baba amepata sawa na mama. Lakini kifungua mimba aliyezoea kumbeba mdogo wake mgongoni amepata nini? Kwa siku moja amepungukiwa na mzazi na ndugu pia. Walioachana ni wazazi, watoto hawakuachana. Mwanamke aliyekubali mtoto akatwe sawasawa, Mfalme Sulemani alimtambua kuwa si mama. Mama wa kweli alikuwa tayari kukosa fungu lake, mradi mtoto awe mzima.

Katika Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hailazimishi mahakama kuwaweka watoto wote kwa mzazi mmoja. Yataka hali njema ya kila mtoto ipimwe peke yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo yasema yafaa ndugu wakae pamoja, tena maoni ya mtoto yaangaliwe, kama ameyatoa kwa uhuru. Mambo haya hayapingani. Huenda ikawa lazima kuwatenga, kama mkubwa akimtesa mdogo, au mgonjwa akihitaji hospitali iliyo karibu na mzazi mmoja. Lakini sababu iwe faida ya mtoto, wala si kuwaridhisha wakubwa.

Iko na hila nyingine. "Mimi nalea wangu wawili, nawe lea wako wawili; hatudaiani." Maneno haya yafanana na haki, walakini mwenye mshahara na mwenye kuuza ndizi sokoni hawachukui mzigo sawa. Basi watoto wa tumbo moja, wawili huenda shule na viatu, wawili hukosa hata daftari. Sheria ya Ndoa yampa baba wajibu wa kuwatunza watoto wake hata wakiwa mikononi mwa mwingine, isipokuwa mapatano au amri ya mahakama yasema vingine. Na katika mapatano, mtu huweza kusamehe deni lililo lake tu. Chakula cha mtoto si chake.

Sisi twashika kwamba kifungo cha ndoa ya Wakristo hakivunjwi na mwanadamu. Lakini hata kwake asiyeshika hayo, hakuna hati ya talaka iwezayo kufuta undugu.

Enyi wazazi, kabla ya kuamua, msikilizeni kila mtoto peke yake. Ikiwa kuwatenga ni lazima, wakutanisheni wakati wa likizo, wa ugonjwa, wa arusi na wa msiba. Siku moja ninyi mtakuwa kaburini, na watakaosalia kusaidiana ni hao. Msiwalee kama wageni.