VIATU VILIVYOKWISHA

Somo: Yoshua 9:3–15



Watu wa Gibeoni walipopata habari za Yeriko na Ai, waliingiwa na hofu wakatumia hila. Walivaa viatu vikuukuu vyenye viraka, wakachukua mikate iliyokauka na viriba vilivyopasuka, wakafika kambini Gilgali wakijifanya wametoka nchi ya mbali. Kumbe walikuwa majirani. Wazee wa Israeli walitazama viatu, wakatazama mikate, wakaridhika, wakaapa. Habari hiyo yasema wazi kwamba hawakutaka shauri la Bwana.

Sisi tuliozeeka katika kufundisha walimu twalipenda somo hili, maana ni somo la kutazama. Wazee wale walikuwa watu wa namna ya pekee. Kumbukumbu la Torati 29:5 yatuambia kwamba muda wa miaka 40 jangwani viatu vya Waisraeli havikuchakaa miguuni mwao. Watu wa jinsi hiyo wangejuaje kukisoma kiatu kilichochakaa? Twasema hivi kwa mzaha kidogo, lakini tufikiri.

Hapa Tibirinzi mambo yamegeuka. Jioni jua likipoa twawaona vijana wetu wakipita mbio, wengine wakielekea uwanja wa Gombani, wengine wakizunguka viwanja vya hapa hapa. Miguuni wana raba nzuri, nyeupe, zilizofuliwa zikaanikwa, na kamba zake zimefungwa vizuri. Wagibeoni walivaa viatu vikuukuu ili wawadanganye wengine. Vijana hawa wanadanganywa na viatu vyao wenyewe, kwa kuwa vinaonekana vipya na ndani vimekwisha.

Tueleze jambo lenyewe. Kiatu cha kukimbilia kina kitambaa juu, mpira mgumu chini, na katikati kuna sponji nene. Kazi yote iko katika sponji hiyo. Imejaa vipovu vidogo vya hewa, na mkimbiaji anapotua, mguu mmoja hupokea kishindo kama mara mbili au mara tatu ya uzito wa mwili wake. Vipovu hubonyea, kisha huinuka. Kilomita moja ni kama hatua elfu moja, na katika kila hatua vipovu hubonyea na kuinuka, mpaka siku vinapochoka na kubaki vimelala. Kitambaa cha juu hakijui habari hiyo. Ukikifua kitang'aa kama kawaida.

Mwaka 1985 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya kupima viatu vya aina mbalimbali. Kwenye mashine iliyoigiza mbio, viatu vilipofikisha maili 250 hadi 500, yaani kama kilomita 400 hadi 800, vilikuwa vimebaki na chini ya asilimia 60 ya uwezo wake wa kupokea kishindo. Vile vilivyovaliwa na watu vilistahimili zaidi kidogo: baada ya maili 500 vilibaki na kama asilimia 70. Sponji za siku hizi si zile za miaka ile, lakini ushauri unaotolewa kwa wakimbiaji wa kawaida haujaenda mbali: kiatu kitazamwe kwa makini kikifikisha kilomita 500, na kikipita 800 kisitegemewe sana. Kijana anayekimbia kilomita 5 kwa siku, siku sita za juma, hutimiza kilomita 30, nayo ni kama safari ya kutoka Chake Chake hadi Wete. Kwa majuma 20 ametimiza kilomita 600. Yaani raba iliyonunuliwa wakati wa masika, kabla mwaka haujaisha imeshafika ukingoni, na mzazi bado anaiita mpya.

Hesabu hii si sheria ya Musa. Mtu mzito hukimaliza kiatu mapema kuliko mwepesi. Barabara ya lami hukila kuliko uwanja wa majani. Na jua letu nalo lina sehemu yake, maana sponji huharibika kwa joto hata kama kiatu kimewekwa tu. Ndiyo sababu raba za mitumba zataka macho mawili. Twaulizia bei, twaulizia namba ya mguu, lakini nani atatuambia zimekwisha kukimbia kilomita ngapi huko zilikotoka?

Basi kiatu kitazamweje? Kwa bahati njema, sisi watu wa pwani huvua viatu mlangoni, kwa hiyo nafasi ya kuvitazama tunayo kila siku. Vichukue viwili, uviweke juu ya baraza iliyo sawa, uvitazame kwa nyuma. Kikiinama upande mmoja kama mlevi, kimekwisha. Kigeuze: ikiwa mpira wa chini umelika hata sponji inachungulia, kimekwisha. Tazama ubavuni mwa sponji. Mikunjo mingi iliyokaa kama uso wa mzee ni dalili mbaya. Bonyeza kwa kidole gumba. Kikiwa kigumu kama kipande cha ubao, hakina uhai tena. Na ukikipinda katikati kikajikunja kama kitambaa, hapo mguu hauna kitu cha kuutegemeza.

Lakini shahidi mkubwa ni mwili. Kijana aliyekuwa akikimbia bila taabu, akianza kulalamika juu ya muundi wa mguu, goti au unyayo, wala hakuongeza mwendo, mwulize habari za viatu kabla hujamwita mvivu. Tumeona watoto wakichuliwa kwa mafuta ya nazi usiku, na asubuhi wakarudishwa katika raba zile zile. Si kila maumivu hutoka katika kiatu, hilo tukubali. Maumivu yakikaa mahali pamoja juu ya mfupa, na yakizidi kila akikimbia, apumzike, aende hospitali, maana huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Wengine watasema: Mbona Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za marathoni kule Roma mwaka 1960 bila viatu? Ni kweli, na kiatu kibaya huenda ni hasara kuliko kukosa kiatu. Lakini miguu ya Bikila ilikuwa imezoea kukimbia peku kwa muda mrefu, na mwaka 1964 kule Tokyo alishinda tena akiwa amevaa viatu. Siku hizi mambo yamefika mbali zaidi. Mwaka 2023 Mwethiopia mwingine, Tigist Assefa, alivunja rekodi ya dunia ya wanawake iliyokuwapo, kule Berlin, kwa saa 2 dakika 11 na sekunde 53. Kiatu alichovaa kilikuwa na uzito wa gramu 138, na kiliuzwa dola 500. Watengenezaji wenyewe walisema kimekusudiwa marathoni moja tu, pamoja na muda kidogo wa kukizoea! Hatuwaambii vijana wa Tibirinzi watamani viatu vya namna hiyo. Twataka tu wazazi wajue kwamba kiatu kina kipimo cha maisha yake, na wakimbiaji wakubwa wanakijua.

Hapa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Sisi Wakristo tu wachache kisiwani humu, na watoto wetu hukimbia pamoja na watoto wa majirani zetu Waislamu. Tunapotaka kutenda mema, mara nyingi tunatoa viatu. Ni vema. Lakini tunatoa vipi? Mtu anajisikia goti linauma, anaviacha viatu vyake, anavifua, anamletea mtoto wa jirani, na mtoto anashukuru kwa mikono miwili. Kile kilichoumiza goti la mtu mzima sasa kinapewa mifupa ya mtoto wa miaka 14. Nabii Malaki, sura ya 1, aliwakemea makuhani walioleta mnyama kipofu na kilema madhabahuni, akawaambia wampelekee liwali wao waone kama atawakubali. Kanisa la Sardi nalo, katika Ufunuo 3:1, lilikuwa na jina la kuwa hai, nalo lilikuwa limekufa. Zipo sadaka zenye jina la namna hiyo, na mpokeaji hawezi kusema, kwa kuwa ni maskini na ana adabu.

Twajua bei ya raba mpya si jambo dogo, hasa mwaka ambao karafuu hazikuzaa. Na wako watakaosema Mungu aliyelinda viatu jangwani atalinda na hivi. Aliweza, na anaweza. Lakini katika Yoshua 5:12, kule kule Gilgali, mana ilikoma kesho yake walipokula mazao ya nchi. Waliopewa shamba walitakiwa kulima. Nasi hatudhani kwamba baada ya Yordani mtu aliketi akingoja viatu vyake visichakae.

Kwa hiyo mwenye raba iliyokwisha asiitupe. Aivae kuendea shamba au sokoni, ambako hakuna mbio. Fundi viatu aweza kubandika mpira mpya chini, lakini sponji hawezi kuifufua. Mwenye kutaka kumpa mkimbiaji, na ampe iliyo hai, hata kama ni jozi moja iliyonunuliwa na nyumba tatu kwa kuchanga. Na siku inaponunuliwa, mzazi au mwalimu wa michezo achukue kalamu ya wino usiofutika, aandike tarehe ndani ya ulimi wa kiatu, mahali ambapo vumbi na sabuni havifiki upesi, kisha aisome tena kila mwanzo wa mwezi.