Siku ya 17: Yule wa tatu kutoka kushoto ni nani?



Leo ni siku ya 17, siku ya Badri. Kila mwaka tunaisimulia hapa: mwaka wa 2 Hijria, Waislamu mia tatu na kitu, na mashahidi 14 ambao majina yao tunayo mpaka leo, nani mtoto wa nani, nani Muhajiri na nani Ansari. Mwaka huu nataka tuzungumze juu ya askari ambao majina yao hatunayo.

Mnaijua ile picha iliyozunguka kwenye simu zetu wiki hii. Askari saba wameketi juu ya gogo, wamevaa kofia pana zilizokunjwa upande mmoja, na begani kwa mmoja wao kuna nembo ya kichwa cha kifaru. Nyuma imeandikwa: Burma 1944. Familia mbili za msikiti huu zinasema yule wa tatu kutoka kushoto ni mzee wao. Mzee wa familia ya kwanza alirudi, akafia hapa hapa, na wapo wanaomkumbuka. Wa familia ya pili hakurudi. Alimwacha mkewe mjamzito. Mtoto aliyezaliwa ndiye bibi yetu, sasa ana miaka themanini na kitu, na sura ya baba yake hajawahi kuiona hata kwenye karatasi.

Nimeulizwa: "Shehe, kuna ubaya gani tukimwachia bibi ile picha? Wale wenzao wanazo picha nyingine za mzee wao. Tumfurahishe kabla hajaondoka."

Swali hili limetoka kwenye huruma, na mtu mwenye huruma hajibiwi kwa ukali. Lakini hebu tulipime.

Kwanza, picha yenyewe inasema nini? Kichwa cha kifaru kilikuwa nembo ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka 1944, ikashuka bonde la Kabaw katikati ya mvua na matope. Ndani yake walikuwemo watu wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo nembo inatupa jeshi, haitupi jina. Maandishi ya nyuma yanatupa nchi na mwaka, basi.

Tuliosoma usuli madrasa tunakumbuka daraja tatu: yakini, dhana na shaka. Ukisema "hawa ni askari wa Afrika Mashariki," uko karibu na yakini. Ukisema "huyu anafanana na babu," hiyo ni dhana. Ukisema "lazima awe yeye, maana namtaka awe yeye," hapo hata dhana hujaifikia. Na Suratul Israa inatukataza kufuata tusilolijua, ikatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Macho yanayotazama picha yamo humo.

Utasema: Shehe, ushahidi wa ndugu wa damu je? Ndiyo, una uzito. Siku ya Uhud, Anas bin Nadhr, Allah amridhie, alikutwa na majeraha zaidi ya themanini, hakuna aliyemtambua ila dada yake, naye alimjua kwa ncha za vidole. Angalia lakini: dada yule alivijua vidole vile tangu utotoni. Alitambua kitu alichokuwa amekiona. Bibi yetu hakupata kumwona baba yake. Alichonacho ni hamu, na hamu ya mtoto kwa mzazi ni kitu kitukufu, ila si ushahidi.

Sasa ubaya uko wapi? Uko kwa yule aliyekaa kwenye gogo. Huenda si mzee wa familia ya kwanza wala wa pili. Huenda ni mtu wa Songea au Machakos, na huko kuna mjukuu anayemtafuta. Siku tukiandika jina lisilo lake, tumemfungia mlango. Qur'ani imetuamrisha tuwaite watu kwa baba zao, maana nasaba ni haki ya mtu, na haki ya mtu haiishi kwa kufa kwake.

Na watu hawa wameshadhulumiwa mara moja. Pale Posta, Dar es Salaam, Sanamu ya Askari imesimama tangu 1927, ina maandishi kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, lakini huoni jina la askari hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza bila kuenziwa kwa majina ni wasiopungua 116,000, na huenda wanafika 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Kumkosesha mtu jina ni dhulma. Kumpa jina la mwingine ni dhulma ya pili, hata ukiifanya kwa machozi.

Basi tukae tu, tuseme Allah anawajua? Sayyidna Umar alipoletewa habari za vita vya Nahawand alitajiwa waliouawa, kisha akaambiwa wapo na wengine asiowajua. Akalia, akasema hakuwadhuru kutojulikana na Umar, kwani Allah anawajua. Hiyo ni faraja ya kweli. Lakini Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, baada ya vita aliuliza zaidi ya mara moja kama kuna mtu amekosekana, na watu walipokwisha kutaja watu wao wakubwa, yeye akamtaja Julaybib, fukara asiyetajwa na mtu. Akaagiza atafutwe. Allah alikuwa anajua alipo, na bado akatafutwa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Wa tatu kutoka kushoto asiandikwe jina. Iandikwe: familia mbili zinamdhania kuwa mzee wao, haijathibitika. Bibi apewe nakala yake, ajue ukweli huo, awatazame wote saba. Jina la baba yake analo, na dua haihitaji picha. Vijana, jina hilo mlitafute katika orodha ya Tume ile, mnaweza kuifungua kwenye simu bila malipo.

Na wewe unayesoma, leo baada ya futari toa picha za nyumbani kwenu. Muulize mzee wako huyu nani, yule nani. Andika nyuma kwa penseli, usikandamize: jina, nani kakwambia, tarehe. Asipojua, andika "hajulikani." Mzee huyo Ramadhani ijayo huenda tusiwe naye.

Ya Allah, warehemu wazee wetu tunaowajua na tusiowajua, na utukinge na ushahidi wa uongo, hata ule tunaoutoa kwa mapenzi. Amin.

Tukutane kesho in shaa Allah.