Limetokea, Lakini Limetoka Wapi?

Yako maswali mawili ambayo watu huyachanganya kila siku, wala hayafanani. La kwanza ni hili: Je, jambo limetokea? La pili: Jambo hilo limetoka wapi? Mtu aweza kuwa na hakika kamili juu ya swali la kwanza, na juu ya la pili akawa hajui lolote. Nasi twasema kwamba kuichukua hakika ya lile la kwanza na kuivika lile la pili si kosa la akili tu, bali ni kosa la moyo. Huku kwetu, kando ya njia ya zamani ya misafara, kosa hilo limeua watu. Tutaanza mbali, huko angani, kisha tutarudi nyumbani.

Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Urusi ya Kisovieti zilitia sahihi mkataba wa kuacha kujaribu mabomu ya nyuklia hewani, angani na chini ya maji. Walitia sahihi, lakini hawakuaminiana. Marekani ikarusha setilaiti zilizoitwa Vela, kazi yake kuvizia miale ya gama. Miale hiyo ni mwanga usioonekana kwa macho, wenye nguvu kupita hata ule wa eksirei, nao hutoka bomu la namna hiyo linapolipuka. Tarehe 2 Julai 1967 vyombo hivyo viliona mmweko wa miale ya gama.

Hebu tufikiri hali ilivyokuwa. Mlinzi amewekwa kumchunga jirani anayeshukiwa, naye usiku ameona mwanga. Ni rahisi namna gani kupiga kelele, “Ni yeye!” Lakini Ray Klebesadel na wenzake wa maabara ya Los Alamos, waliosoma kumbukumbu za vyombo vile, waliona kwamba mmweko ule haukufanana na wa bomu. Hawakumtaja mtu. Waliuweka katika kumbukumbu, wakangoja vyombo vilivyo bora zaidi. Mwaka 1973 ndipo walipotangaza. Walikuwa na mimweko 16 iliyoonekana kati ya 1969 na 1972, na kuhusu mahali walisema machache tu: haikutoka duniani, wala haikutoka kwenye jua. Zaidi ya hapo hawakusema, kwa sababu zaidi ya hapo hawakujua.

Huenda msomaji akauliza, walijuaje hata hayo machache? Tuchukue mfano wa nyumbani, kama tulivyozoea darasani. Mlio wa bunduki umesikika porini usiku. Mtu mmoja aliyeko Kwihara ameusikia. Je, aweza kusema kwa hakika umetoka wapi? Hawezi, hata akiapa. Ajua kwamba mlio umekuwapo, na ajua saa yake, basi. Lakini tuseme mwingine yuko Tabora mjini karibu na stesheni, na wa tatu yuko Itetemia, na saa zao zote zinakwenda sawa. Sauti huchukua sekunde tatu hivi kwenda kilometa moja, kwa hiyo aliye karibu na bunduki ataisikia mapema, na aliye mbali ataisikia baadaye. Wakikutana asubuhi na kulinganisha saa zao, wataweza kuchora kwenye ramani na kusema, “Ilikuwa upande ule.”

Setilaiti hufanya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mwanga huenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja, kwa hiyo vyombo havina budi kuwa mbali mbali sana. Vyombo viwili hutoa duara tu angani, na mmweko waweza kuwa umetoka popote katika duara hilo. Cha tatu hutoa duara lingine, na mahali ni pale maduara yanapokatana. Lakini hukatana mara mbili. Cha nne ndicho kiamuacho. Tena tushike neno hili, maana tutalihitaji: vyombo viwili vikikaa mahali pamoja ni sawasawa na kimoja. Wingi wa mashahidi hausaidii kitu kama wote wamesimama pale pale.

Njia yetu ya misafara nayo ilipata kufundisha somo hili. Tabora ilikuwa njia panda. Njia ya kutoka Bagamoyo ilifika hapa ikagawanyika, moja ikaenda Ujiji na nyingine ikapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Habari zilikuja pamoja na mizigo ya wapagazi. Sasa, mwezi wa Desemba 1866, watu waliomtoroka Dr Livingstone upande wa Ziwa Nyasa walifika Unguja wakasema ameuawa. Wote walisema neno moja, kwa kuwa walikuwa wamepatana. Mwaka uliofuata E. D. Young alitumwa kuchunguza. Akauliza katika vijiji mbalimbali, naye akasikia kwamba msafiri huyo alipita akiwa hai, akaenda mbele kuliko mahali alipodaiwa kufia. Na kweli, mwaka 1872 mtu huyo “aliyekufa” alikaa miezi kadhaa Kwihara, hapa hapa petu. Alipokufa kweli mwaka 1873, Susi na Chuma walipitia Unyanyembe wakiuchukua mwili wake kwenda pwani. Hawakuja na maneno matupu. Huko London mwaka 1874 mwili ukatambuliwa kwa mfupa wa mkono uliovunjwa na simba miaka mingi nyuma.

Turudi kwenye mimweko ya angani. Baada ya 1973 wataalamu walitoa maelezo zaidi ya mia moja, kila mtu na lake, na mengi yalikuwa ya watu wenye akili nyingi. Setilaiti ya Compton, iliyorushwa 1991, iliona mimweko zaidi ya 2,700 kwa muda wa miaka tisa, nayo ilitoka pande zote za anga bila upendeleo. Ikajulikana pia kwamba iko ya aina mbili: mirefu, na mifupi ambayo haifiki sekunde mbili. Hiyo mifupi ndiyo iliyosumbua zaidi. Kabla hujageuza shingo, imekwisha.

Katika kazi ya kuitafuta, Afrika ya Mashariki ilikuwa na fungu lake, jambo ambalo vijana wetu wengi hawajaambiwa. Huko Malindi, pwani ya Kenya, Waitalia walijenga kituo cha mambo ya anga karibu na ikweta. Kutoka jukwaa lao baharini ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kuchunguza eksirei za nyota, ikaitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Kituo hicho ndicho kilichopokea habari za setilaiti ya BeppoSAX, ambayo mwaka 1997 ilikuwa ya kwanza kuona joto linalobaki baada ya mmweko mrefu, kama makaa baada ya moto. Ndicho pia kilichopokea habari za Swift, iliyorushwa Novemba 2004 na kupewa jina la ndege mwepesi anayefanana na mbayuwayu. Tarehe 9 Mei 2005 Swift iliona mmweko usiofika hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ikageuka yenyewe kwa muda usiotimia dakika moja, ikaokota chembe kumi na moja tu za eksirei. Kwa chembe hizo chache mahali pakakaribia kujulikana: karibu na kundi kubwa la nyota zilizozeeka. Hata hapo wataalamu walisema “yaelekea”, hawakusema “ndipo”.

Jibu lilikuja tarehe 17 Agosti 2017. Vyombo viwili vya Marekani vinavyopima mtikisiko wa mawimbi ya mvutano vilisikia nyota mbili zilizokufa, nzito kupita kiasi, zikizungukana na kugongana. Sekunde moja na nusu hivi baadaye, setilaiti ya Fermi ikaona mmweko mfupi wa miale ya gama. Chombo cha tatu, kilichoko Italia, hakikusikia karibu lolote. Je, hicho walikitupa nje? La. Walijua kwamba kilikuwa kizima na kiko macho, kwa hiyo kunyamaza kwake nako kukawa ushahidi: tukio lilikuwa upande ule ambao chombo hicho hakisikii vizuri. Kwa njia hiyo sehemu ya kutafuta ikawa ndogo, na kabla siku haijakwisha darubini za huko Chile zikauona mwanga wenyewe, katika kundi la nyota lililo umbali wa miaka milioni 130 ya mwanga. Toka 1967 hadi 2017 ni miaka hamsini. Wataalamu wanaona kwamba katika migongano kama hiyo hutengenezwa dhahabu, kama ile iliyochimbwa Nzega.

Na tulipoitaja Nzega, tumefika nyumbani. Mwezi wa Julai mwaka huo huo wa 2017, majuma machache kabla ya siku ile, wanawake watano waliuawa wilayani Nzega, mkoani kwetu Tabora, kwa kushukiwa uchawi. Watu zaidi ya thelathini walishitakiwa. Haikuwa mara ya kwanza. Kwa miaka mingi, hapa na kwa jirani zetu wa Usukuma, wanawake wazee wameuawa, wengine kwa kuwa macho yao ni mekundu. Na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko walilopikia watoto na wajukuu.

Mambo haya huendaje? Mtoto amekufa. Hilo limetokea, kilio ni cha kweli na kaburi ni la kweli. Kisha mpiga ramli huulizwa: limetoka wapi? Naye hutaja upande, au hutaja nyumba. Jioni watu kumi wanasema hivyo, kesho yake mia. Mtu husema, “Kijiji kizima kinajua.” Ndugu zangu, kijiji kizima hakijui. Amesema mtu mmoja, na mia wamesimama pale pale aliposimama yeye. Hao ni shahidi mmoja, tena shahidi ambaye hakuona kitu. Na yule jirani anayesema, “Nilikuwapo, wala sikuona lolote baya kwa bibi huyu,” hasikilizwi. Huambiwa naye yumo. Wataalamu walimsikiliza hata aliyenyamaza, na sisi twamfukuza hata anayesema.

Atakuwapo msomaji wa kutujibu hivi: “Nyota haziumi. Mtaalamu aweza kungoja miaka hamsini kwa kuwa hakufiwa. Mama aliyezika watoto wawili mwaka mmoja hawezi kungoja.” Neno hili ni zito, wala hatutaki kulipita. Kutokujua ni mzigo, na mwenye msiba huuona mzito kuliko sisi tunaokaa pembeni na kumhubiria subira. Lakini mzigo ukiwa mzito, hatuna ruhusa ya kuutua juu ya kichwa cha mwingine asiyehusika. Akiuawa bibi wa watu, mama yule hapati jibu. Anapata kaburi la tatu, na swali lake liko pale pale. Wajibu wetu ni kuuchukua mzigo huo pamoja naye: kukaa naye matanga, kumlimia shamba, na kuwapeleka watoto waliosalia hospitali wapimwe malaria na damu.

Hapo ndipo ilipo tofauti tunayotaka ishikwe. Watu husema haraka haraka haina baraka, lakini si haraka zote. Swift iligeuka kwa chini ya dakika moja, maana ingechelewa ingekosa kila kitu. Kumbe zipo haraka mbili. Haraka ya kwenda kutazama na kusaidia ni njema, na mtoto mwenye homa asilale nayo nyumbani hata usiku mmoja. Haraka ya kulaumu ndiyo isiyo na baraka. Mara nyingi sisi hufanya kinyume: polepole kwenda hospitali, upesi kunyosha kidole.

Sheria ya Uchawi iko nchini tangu 1928, na polisi na mahakama zina kazi yake. Lakini sheria hufika baada ya panga. Kinachoweza kufika kabla ni mtu mmoja barazani, kilabuni au kisimani, atakayeuliza maswali matatu. Nani ameona kwa macho yake? Je, hao wengine wameona wenyewe, au wamesikia kwa huyo huyo? Na yuko nani aliyekuwapo asione kitu, tumsikilize? Maswali hayo hayahitaji elimu ya chuo. Yanahitaji ujasiri, kwa kuwa anayeyauliza aweza kushukiwa naye.

Tena tujizoeze kusema maneno mawili ambayo ni magumu kwa Mnyamwezi, Msukuma na Mzungu pia: “Sijui bado.” Anayesema hivyo mbele ya umati wenye hasira huenda akaokoa maisha ya mtu usiku ule. Na huyo mtu ni bibi wa mtu fulani, ambaye jioni hii anapuliza moto na macho yanamchuruzika kwa moshi.